Likizo ya mapumziko Lushoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwetu ni Soni, njiani kwenda Lushoto, kwa hiyo likizo zikikaribia napokea maswali yaleyale kutoka kwa watu wa Dar, Tanga, Arusha na siku hizi hata Mombasa. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayotoa. Ni majibu kwa mtu anayetaka kupumzika. Anayetaka kuona simba na tembo ana njia yake nyingine.

Lushoto ni wapi hasa?

Ni mji mdogo ndani ya Milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga, kwenye mwinuko wa kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Vilele vya milima hiyo vinapita mita 2,200. Enzi za Wajerumani mji uliitwa Wilhelmsthal, kwa jina la mfalme wao, nao waliupenda kwa sababu ileile inayowapeleka watu wa Dar leo: joto la pwani lilikuwa limewashinda.

Watu wengi huchanganya Lushoto na Amani. Amani iko Usambara Mashariki, unaipandia kutoka Muheza, na kati ya milima hiyo miwili kuna Bonde la Lwengera. Ukishuka basi Muheza ukitafuta Lushoto, umepotea.

Kuna nini huko ambacho ufukweni hakuna?

Baridi, ukimya wa usiku, na kutembea. Ufukweni mtu hukaa. Mlimani hata mvivu hujikuta ametembea saa mbili, kwa sababu njia za miguu ziko kila mahali. Zinapita katikati ya mashamba ya maharage na kabeji, zinakatiza uani kwa watu, zinashuka mtoni na kupanda tena. Hakuna anayekuuliza unakwenda wapi kwa nia mbaya. Atakuuliza, lakini ni salamu.

Tofauti nyingine ni kwamba hapa si mahali palipotengenezwa kwa ajili ya mgeni. Ni vijiji vya wakulima, na wewe unapita wakati wao wanafanya kazi. Asiyeweza kustarehe bila kuhudumiwa kila dakika atachoka mapema.

Niende mwezi gani?

Inategemea unachotaka, na hapa watu hukosea sana kwa kuangalia tarehe za likizo tu.

Juni hadi Agosti ni kipupwe. Mbingu huwa kavu, ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka, na usiku joto linaweza kukaribia nyuzi 10. Mtu wa Sinza au Kisauni aliyezoea kulala na feni atafurahi siku ya kwanza na kulalamika siku ya pili. Wanaopenda baridi, huu ndio wakati wao.

Septemba na Oktoba, kwa maoni yangu, ndiyo miezi mizuri kuliko yote. Baridi imepungua, barabara ni kavu, na ukisimama kwenye magenge, yaani kingo za milima zilizokatika ghafla, unaona mbali. Tena wageni si wengi, maana shule zimefunguliwa.

Novemba na Desemba ni mvua za vuli. Hazinyeshi kutwa, lakini zinaweza kukufungia ndani mchana mzima. Kuanzia mwishoni mwa mwaka kuingia Februari ndio msimu wa matunda ya baridi. Plamsi na mafyulisi hutangulia, mapeasi hufuata. Wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya milima hujaa Wasambaa waliorudi kwao, na nyumba za wageni hujaa pia. Weka nafasi mapema au usije.

Machi hadi Mei ni masika. Nakushauri usije, labda uwe mtu wa kukaa dirishani na kitabu. Njia huwa utelezi, na mvua zikizidi udongo huporomoka barabarani na safari hukwama.

Nafikaje kutoka Dar es Salaam?

Mabasi yanayokwenda moja kwa moja hadi Lushoto huondoka asubuhi na mapema katika Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Safari ni Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, kisha kupanda. Hesabu siku yako ya kwanza imeliwa na njia. Usipange chochote jioni hiyo zaidi ya kula na kulala.

Ukikosa basi la moja kwa moja, panda lolote la Moshi au Arusha, shuka Mombo, halafu chukua Hiace au Noah ya kupanda mlimani. Zipo hadi jioni, lakini giza likiingia zinapungua na bei inakuwa ya kuelewana. Kutoka Arusha au Moshi ni hivyohivyo, Mombo ndiyo njia panda. Anayetoka Mombasa apite Lunga Lunga na Horohoro hadi Tanga mjini, huko kuna mabasi ya Lushoto. Anayetoka Nairobi anaweza kuingilia Taveta na Holili, akashuka kwa Moshi na Same.

Mabasi husimama njiani kwa chakula na kuchimba dawa. Ukifika Mombo hakikisha umemaliza shida zako zote, maana kuanzia hapo dereva hana pa kukusimamishia.

Hiyo barabara ya Mombo inatisha kama wanavyosema?

Ni lami, kama kilomita 33, na katika umbali huo unapanda karibu mita 1,000. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande mwingine ni bonde, na kona hazihesabiki. Inatisha kwa anayekaa dirisha la upande wa bonde. Kwa dereva makini haina shida, ila ina kanuni zake: piga honi kabla ya kona iliyojificha, usipite gari kwa papara, na wakati wa kushuka tumia gia ndogo badala ya kukanyaga breki mfululizo. Ukifika Mombo breki zinanuka, hukushuka vizuri.

Wenye kichefuchefu wakae viti vya mbele, wasile chipsi mayai Korogwe, na wawe na mfuko wa kutapikia mkononi. Zaidi ya nusu ya njia utafika Soni, ambapo barabara ya Bumbuli inachepuka. Kabla tu ya kuingia Soni kuna maporomoko ya maji yanayoonekana barabarani. Ukiwa na gari lako simama, nyosha miguu.

Nina IST. Itafika?

Hadi Lushoto mjini, ndiyo, bila wasiwasi. Kwenda genge la Irente ni barabara ya vumbi yenye mashimo, na kiangazi IST hufika kwa kwenda taratibu. Mvua ikinyesha, iache mjini na upande bodaboda, au tembea. Ni kilomita chache tu. Kwenda Mtae au vijiji vya ndani, gari dogo si la kujaribia.

Nikae siku ngapi?

Usiku tatu ndiyo kiwango cha chini. Ukija Ijumaa na kuondoka Jumapili, umekuja kupanda basi. Wiki nzima ni bora zaidi, hasa ukikaa mahali pamoja.

Hapo kwenye kukaa mahali pamoja ndipo ninapogombana na watu wa kupanga ratiba. Mtu ananitumia orodha: Jumanne Irente, Jumatano Magamba, Alhamisi Mlalo, Ijumaa Mtae, Jumamosi Bumbuli. Umbali wa ramani ni mdogo, lakini njia za milimani hazifuati ramani. Mtae peke yake ni saa tatu au zaidi kutoka Lushoto kwa barabara mbovu. Utazunguka wiki nzima ndani ya gari na kurudi kazini umechoka kuliko ulivyoondoka. Chagua sehemu moja, labda mbili, na uache nafasi ya siku ambayo huna mpango nayo wowote.

Nilale wapi?

Kuna namna tatu, na tofauti yake si bei tu.

Ya kwanza ni gesti na hoteli ndogo za mjini. Ni nafuu, uko karibu na soko na stendi, lakini pia uko karibu na muziki wa baa na adhana ya alfajiri. Uliza kama kuna maji ya moto ya bomba au wanachemsha na kukuletea kwenye ndoo. Ndoo si mbaya, ila ujue mapema.

Ya pili ni nyumba za wageni za taasisi za dini. Masista wana nyumba maeneo ya Soni na Ubiri, na Rangwi kwa wanaoelekea Mtae. Kanisa la Kilutheri lina shamba la Irente. Ni safi, ni kimya, chakula ni cha shambani hapohapo. Usitegemee disko, na usirudi saa sita usiku ukitarajia kufunguliwa geti kwa tabasamu. Kwa anayetaka kupumzika kweli, mimi humpeleka huku.

Ya tatu ni loji za msituni, upande wa Magamba na Migambo, ambako kuna baridi zaidi na jioni huwashwa moto wa kuni sebuleni. Ni ghali zaidi, na bila gari unategemea wao kwa kila safari. Wapenzi waliofunga ndoa juzi huzipenda.

Nitafanya nini mchana kutwa?

Swali hili huulizwa na watu wa mjini tu. Haya, tuanze na Irente.

Genge la Irente liko kilomita chache magharibi ya mji. Unatembea kupitia vijiji, halafu ardhi inakwisha. Chini yako, karibu mita 1,000, ni Mazinde, barabara kuu na magari madogo kama siafu, mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari, na ng'ambo yake nyika ya Umasai hadi macho yachoke. Mkonge huo una historia yake. Uliletwa mkoani Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na ndio uliojenga uchumi wa ukanda huu wote. Nenda saa kumi jioni, maana genge linatazama upande wa machweo na mchana kuna utando wa vumbi. Kuna kiingilio kidogo. Watoto washikwe mkono, kwa sababu si kila mahali kuna uzio.

Njiani kuna shamba la Irente lenyewe, ambako wanatengeneza jibini, jemu na mkate wa rai (nafaka jamii ya ngano). Unaweza kuagiza chakula cha mchana, ule kwenye nyasi chini ya miti. Agiza mapema. Wanaofika wenyewe saa nane wakitaka sahani ishirini wanawatesa wapishi.

Msitu wa Magamba ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Ulipandishwa hadhi hiyo mwaka 2010. Ndani kuna mbega wenye rangi nyeusi na nyeupe, miti mirefu yenye kuvu na kuvumwani, na ndege wengi kuliko majina ninayoyajua. Kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, na Mtanzania hulipa kidogo sana kuliko mgeni wa nje, basi beba kitambulisho. Vaa viatu vyenye meno.

Halafu kuna magulio. Kila mji una siku yake, na mwenyeji wako atakuambia ya wapi iko lini. Gulioni ndipo unapoona milima yote imeshuka mahali pamoja: kina mama na vikapu vya mapeasi na matunda damu, viazi mviringo kwenye magunia yenye lumbesa, mitumba, majembe, kuku. Nenda asubuhi. Hata kama hununui kitu, kaa kwenye mgahawa na chai ya maziwa na utazame.

Mtae niliitaja kwa ubaya wa barabara, lakini ukiwa na wiki nzima nenda ulale huko. Kijiji kimekaa ukingoni kabisa mwa milima, kaskazini-magharibi, bonde kushoto na bonde kulia. Unaangalia Mkomazi chini, na siku mbingu ikiwa safi Kilimanjaro huonekana. Siku ya ukungu hutaona hata choo cha jirani. Ndiyo maana nasema ulale, usiende na kurudi.

Nahitaji kiongozi wa njia?

Kwenda Irente, hapana. Uliza njia tu. Kwa msitu, na kwa kutembea kutoka kijiji hadi kijiji kwa siku kadhaa, chukua. Njia zinagawanyika kila baada ya hatua mia, na mwenyeji anajua nani wa kupigiwa hodi. Mjini Lushoto kuna ofisi za utalii wa kitamaduni zinazopanga safari hizo, na sehemu ya malipo huingia kwenye shughuli za vijiji. Papasi wanaokuvamia ukishuka basi wakisema wametumwa na ofisi, waambie utafika ofisini mwenyewe kesho asubuhi. Aliyetumwa kweli hatagombana nawe.

Nibebe nguo gani?

Sweta zito, soksi, koti la mvua hata kiangazi, viatu ulivyokwisha kuvizoea. Tochi, kwa sababu umeme hukatika na njia za vijijini hazina taa. Ukisahau sweta, mitumba ya gulioni itakuokoa, na huenda ukapata zuri kuliko lile uliloacha nyumbani.

Wasambaa wengi ni Waislamu, na Walutheri nao ni wengi. Kaptula fupi na migongo wazi viache kwa ajili ya Kigamboni. Khanga mbili kwenye begi hutatua mambo mengi.

Chakula kikoje?

Kizuri na rahisi. Makande, ndizi za kupika, ugali na mboga za majani zilizochumwa asubuhi hiyo, maharage yaliyopikwa hadi yakalainika. Parachichi ni kubwa na ya bei ya kuonea huruma mkulima. Samaki wabichi usiwatafute, umeondoka pwani. Anayekula mboga tu atakaa vizuri hapa kuliko karibu popote Tanzania.

Mbu na malaria?

Mbu wapo wachache juu milimani kwa sababu ya baridi, lakini hawajaisha, na Mombo ulipopita kuna joto na mbu wa kutosha. Lala kwenye chandarua. Ukipata homa ukiwa huko au baada ya kurudi, kapime. Usijiambie ni baridi.

Nilisikia huko kulikuwa na tauni.

Ni kweli. Ugonjwa huo ulizuka mwaka 1980 na ukawa unarudi kwa miaka zaidi ya ishirini katika baadhi ya vijiji vya wilaya hii. Huenezwa na viroboto wa panya, kwa hiyo ulikuwa zaidi shida ya nyumba zinazohifadhi nafaka ndani kuliko ya mgeni anayelala gesti. Ushauri wa leo ni wa kawaida: usilale sakafuni, usiguse panya aliyekufa.

Watoto na wazee wataweza?

Watoto watafurahi kuliko nyie. Wape nafasi ya kuchafuka. Wazee, inategemea magoti. Mji wenyewe una miinuko, hivyo tafuta nyumba yenye bustani tambarare na gari la kuwapeleka Irente. Mwenye shinikizo la damu au pumu aongee na daktari wake kwanza na abebe dawa za kutosha, kwa sababu dawa fulani fulani huenda usizipate mlimani.

Mtandao upo? Naweza kufanya kazi nikiwa huko?

Mjini upo. Vijijini unakuja na kuondoka kulingana na upande wa mlima uliosimama. Kazi inawezekana, ila bosi akijua kuna mtandao, hiyo si likizo tena. Mwambie hakuna.

Pesa je?

Benki na mashine za kutolea pesa zipo Lushoto mjini. Ukitoka hapo ni mawakala wa simu na noti mkononi. Beba noti ndogo. Mama wa matunda hana chenji ya elfu kumi saa moja asubuhi. Bei za gesti hupungua siku za katikati ya wiki na ukikaa siku nyingi, lakini omba kwa adabu. Mapeasi ya mia tano hayahitaji kuombewa punguzo.

Kuna mambo ya kuepuka?

Wasalimie watu kabla ya kuuliza chochote, na wazee uwape shikamoo yao. Usipige picha za watu shambani bila kuomba. Usikatize kwenye matuta yaliyopandwa, hata kama njia ni fupi.

Na vinyonga. Usambara ina vinyonga ambao hawapatikani kwingine duniani, wengine wenye pembe, na watoto wamejua wageni huwapenda. Utamkuta mtoto barabarani ana kinyonga kwenye kijiti, anataka hela ya picha. Usimpe. Ukimpa leo, kesho watakuwa watoto kumi na vinyonga kumi, na kinyonga anayeshikwa kutwa haishi. Vivyo hivyo maua yale madogo ya zambarau yanayoota kwenye miamba yenye kivuli, ambayo Ulaya huwekwa madirishani tangu yalipochukuliwa Usambara miaka ya 1890: yaache yalipo.

Nirudi na zawadi gani?

Jibini na jemu za Irente au za masista, chai, na matunda kama ni msimu wake. Matunda nunua Soni wakati wa kushuka. Usinunue siku ya kwanza ukayaacha chumbani yaive. Chagua mapeasi magumu, na plamsi zilizoanza tu kubadilika rangi. Ziweke kwenye ndoo yenye kifuniko badala ya mfuko, na ndoo uipakate mwenyewe. Kondakta akiitupa kwenye buti pamoja na magunia ya viazi, utafika Mbezi na juisi.